Sura ya Tano: Kisiwa Kilicholiwa

Mlangoni kwa nyanya yangu, kijijini Buteba, kuna jiwe la kuzuia mlango usipigwe na upepo. Upana wake ni wa sinia ya pilau, na uzito wake unatosha kuwatoa jasho vijana wawili. Katikati limebonyea, kibonde kirefu chenye ncha za mviringo, laini kama shavu la mtoto. Mvua ikinyesha, kuku hunywa humo. Sisi Wateso bibi humwita tata, na tata wetu akiulizwa jiwe hilo limetoka wapi alikuwa na jibu moja tu: "Nililikuta."

Ukisimama karibu na jiwe hilo alfajiri, kabla ukungu haujapanda, ukatazama upande wa Tororo, unaliona Jabali la Tororo limechomoza peke yake kwenye tambarare, na ukungu umelizunguka chini kama maji. Utotoni niliamini kuwa kile ni kisiwa. Sikuwa nimewahi kuona kisiwa, wala ziwa, ingawa Ziwa Victoria haliko mbali na kwetu: unashuka hadi Busia, unapanda bodaboda hadi Majanji, na jua halijafika utosini umekwisha kanyaga mchanga. (Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huku kwetu mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha wasafiri kati ya vituo viwili vya forodha. Miji mikubwa imelipokea tu, na sasa inajifanya imelizaa.)

Mara ya kwanza kuona mawe ya kale yakitukuzwa ilikuwa kwenye kalenda. Binamu yangu alifanya kazi hotelini Malta, visiwa vya Bahari ya Mediterania ambavyo ukiviweka pamoja havizidi kilomita za mraba 316, na alipokuja likizo alituletea kalenda ya ukutani. Mwezi wa Machi ulikuwa na picha ya hekalu la Ġgantija, katika kisiwa cha Gozo: mawe makubwa kuliko fahali, yaliyosimamishwa yapata mwaka 3600 kabla ya Kristo, Misri ikiwa bado haijajenga piramidi hata moja. Wenyeji wa Gozo wana hadithi yao. Wanasema hekalu lilijengwa na jitu la kike, Sansuna, aliyekula maharage na asali tu, akayabeba mawe yale huku mtoto wake amemning'inia begani. Wataalamu huipita hadithi hiyo kwa tabasamu. Mimi ilinikaa. Mwanamke, mtoto, kunde na jiwe: ukiuondoa ukubwa wa jitu, hiyo ni habari ya uani kwa tata.

Kalenda ile ilikaa ukutani miaka mitatu baada ya mwaka wake kwisha. Nilipoishusha nilikuwa nimekwisha kujua kwamba kisiwa cha namna hiyo tunacho, na ni karibu na kwetu kuliko Kampala. Ramani za Waingereza zilikiita Lolui. Watu wa makumbusho hukiita Dolwe. Wavuvi husema Lolwe, na Wajaluo wamelipa jina hilohilo ziwa zima, Nam Lolwe. Kiko Wilaya ya Namayingo, iliyomegwa kutoka Bugiri mwaka 2010. Kimekuwa katika orodha ya Uganda ya mahali panapopendekezwa kuingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, pamoja na Nyero na miamba mingine ya mashariki yenye michoro. Kalenda bado.

Nilipoamua kwenda, nilianza kwa kuelekea upande usio wa ziwa kabisa. Nilivuka mpaka kwenda Kakapel. Msomaji aliyefungua sura hii kwa ajili ya kisiwa anivumilie. Bila Kakapel, Dolwe ni mawe tu.

Kakapel ni jiwe kubwa lililoinama katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia nchini Kenya. Chini yake pana kivuli cha kutosha harusi. Mwanaakiolojia Osaga Odak aliandika habari zake mwaka 1977 katika jarida la Azania, na baadaye serikali ya Kenya ikalitangaza kuwa turathi ya taifa. Ukutani michoro imelaliana. Ya chini kabisa ni miduara ndani ya miduara, nyekundu na nyeupe, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya wawindaji wa kale wa jamii ya Watwa. Juu yake wamepita wafugaji, wakachora ng'ombe wasio na nundu. Juu ya ng'ombe wakaja wengine na mistari yao. Kuna na wa juzi, waliotaka dunia ijue kwamba walipita hapo na mpenzi wao, hao nawaacha.

Watu huja Kakapel kutazama ukuta. Utajiri uko chini ya miguu yao. Wachimbuaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Emmanuel Ndiema akiwa mmoja wao, wakishirikiana na wenzao wa Ujerumani na Marekani, walichimba hapo wakakuta nyayo za maisha ya watu zinazorudi nyuma miaka 9,000. Kisha wakafanya kazi ambayo mama yeyote anayeosha mchele angeielewa: walichukua udongo, wakautia majini, wakakoroga, wakakusanya vilivyoelea. Mbegu iliyoungua ni mkaa, na mkaa huelea. Mwaka 2024 matokeo yalichapishwa katika jarida la Royal Society la London. Kunde ziliungua jikoni Kakapel yapata miaka 2,300 iliyopita. Mtama na wimbi huonekana kuanzia kama miaka 1,000 iliyopita. Na kulikuwa na punje ya njegere, imeungua lakini nzima, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwenye vilima vile.

Nilisoma habari hiyo nikacheka peke yangu. Miaka elfu moja, na jana yake nilikuwa nimekula atap kwa tata, ugali wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Jioni wazee walikuwa wameketi duara na mirija yao mirefu ndani ya chungu cha ajon, pombe ya wimbi hilohilo. Watu wa Kakapel waliacha mbegu jikoni kwa sababu ziliungua. Zile zisizoungua zilienda wapi? Zilisagwa. Hapo ndipo lilipoanza kunisumbua jiwe la mlangoni.

Wimbi si mahindi. Punje yake ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, nayo huteleza. Ukiitwanga kwenye kinu nusu inaruka, nusu inakukodolea macho. Hutaka kusagwa: jiwe la chini pana, jiwe la juu la kushika kwa mikono miwili, na mwanamke amepiga magoti akisukuma mbele na kuvuta nyuma kwa uzito wa mwili wote. Unga humwagika ukingoni mbele yake. Jiwe likiwa laini mno halisagi, linabembeleza tu. Basi huna budi kulitia meno, kuligongagonga kwa jiwe gumu zaidi mpaka likwaruze tena. Kila unapolitia meno unaling'oa chembe. Kila unaposaga unaling'oa nyingine. Chembe hizo haziendi popote ila kwenye unga.

Kutoka Busia tulipita Namayingo hadi mwaloni, wakati mashua za usiku zilikuwa zinarudi na mukene. Ni samaki yuleyule anayeitwa omena Kisumu na dagaa Mwanza, mdogo kama kidole cha mtoto, na ndiye anayelisha watu wa pwani zote tatu. Mashua yetu ilikuwa ya mbao, ya kupakwa lami viungoni, yenye injini moja. Nahodha alitupa maboya ya kuvaa na kutuambia tukae chini tusimame tukifika. Abiria walikuwa kreti za soda, magunia ya unga, mbuzi wawili, akina mama watano na mimi na daftari langu.

Ziwa hili ni kubwa, kilomita za mraba 68,800, lakini ni sufuria pana yenye kimo kifupi: mahali pa kina kirefu kabisa hapazidi mita 80 na ushei. Ndiyo maana lilipata kukauka. Wataalamu waliotoboa matope ya chini waliona dalili za nchi kavu, na husema kuwa yapata miaka 17,000 hadi 15,000 iliyopita hapa palikuwa na majani, si mawimbi. Nilimweleza nahodha. Akatazama maji, akanitazama mimi. "Basi hii Lolwe ilikuwa mlima," akasema. Ilikuwa mlima. Ilikuwa kama Tororo yetu, imesimama kwenye tambarare, na kama palikuwa na ukungu alfajiri ulizunguka chini yake. Nilikumbuka imani yangu ya utotoni nikaona sikuwa mjinga sana.

Kabla ya saa tano tulikuwa tumekiona kisiwa. Hakina mnazi wala mchanga mweupe wa picha za watalii. Kina matale: mawe ya kijivu yenye chembe zinazometa, mengine yamebebana kama mizigo juu ya basi la usiku, mengine yamelala bapa na mapana kiasi cha kuweza kuanika nguo za kijiji kizima. Katikati ya mawe ni nyasi, na nyasi zinapanda taratibu hadi mgongoni mwa kisiwa bila miti mingi ya kuzizuia. Kwenye mikuyu ya ufukweni walikuwa wamekaa mnandi, mabawa wameyatandaza yakauke. Furukombe alilia mara mbili, kichwa amekitupa nyuma, nasi tukapita chini yake. Kenge mrefu kama mkono wa mtu mzima aliteleza kutoka kwenye jiwe bila kutoa sauti.

Nilitaka kuandika kwamba ni pazuri, nikaona aibu kwa udogo wa neno. Baadaye nilijua kwamba uzuri ule, hasa ule wa nyasi tupu zilizopanda mpaka mbinguni, una gharama iliyolipwa na watu. Nitaifikia.

Mwalo mkubwa wa kisiwa ni Golofa: mabati, vibanda vya video, redio tatu zinazogombana, na harufu ya mukene inayokukumbatia kabla mwenyeji hajakukumbatia. Mwaka 2021 kisiwa kilipata umeme wa jua wa kilowati 600, na sasa kuna barafu, kuna saluni, kuna kuchaji simu. Watu waliliona daftari langu wakaniita mwalimu, kisha kijana mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimekuja kutafuta dhahabu. Hakuwa na kosa. Kwetu Busia mtu mwenye daftari akiinama kutazama mwamba huwa anatafuta dhahabu.

"Natafuta mawe ya kusagia," nikamwambia.

"Mwalimu, hayo unayakanyaga."

Mzee mmoja aliyestaafu uvuvi alikubali kutuongoza. Alianza na lililo rahisi kuonyesha wageni. Tulipanda mpaka kwenye rundo la matale, na juu yake lilikuwepo jiwe refu lililolala juu ya mengine mawili, likiyagusa kidogo tu, upepo ukipita chini yake. Ukingoni lilikuwa na vishimo vidogo, kama alama za ndui. Mzee aliokota jiwe la ukubwa wa ngumi akaligonga kwenye kishimo kimoja.

Lililia. Sina namna nyingine ya kusema. Nilitarajia mlio wa jiwe kwa jiwe, ule mkavu. Kilichotoka ni mlio wa kipande cha reli kinachoning'inia kwenye mwembe wa shule, ule uliotutoa mchezoni tukiwa darasa la pili. Akagonga kishimo cha pili, sauti ikawa nyingine, nene zaidi. Mbuzi waliokuwa bondeni waliinua vichwa.

"Gonga na wewe," akasema. Nikagonga pembeni ya kishimo. Jiwe likanyamaza, likatoa *to* ya kawaida. Mzee akacheka, akanishika mkono, akauweka palepale walipogonga wengine wote. Vishimo vile ni maelekezo: vilichimbika kwa kugongwa, na anayekuja baada yako hahitaji kuambiwa wapi pa kupiga.

Mawe yanayolia yako sehemu nyingi za Afrika, kutoka Nigeria hadi Serengeti, na kinachoyafanya yalie ni namna yalivyokaa: jiwe gumu, lisilo na ufa, lisilobanwa na udongo, huweza kutetemeka mwili mzima kama kengele. Likizikwa nusu, limekufa. Haya ya Dolwe yaliingia vitabuni mwaka 1965, pale G. Jackson, J. S. Gartlan na Merrick Posnansky walipoandika juu yake katika jarida la Man. Posnansky alikuwa amewahi kuwa mkuu wa Makumbusho ya Uganda. Gartlan alifuata tumbili. Alikuwa akichunguza maisha ya tumbili wa kisiwani, na nadhani si yeye wa kwanza kufika mahali akifuata mnyama akaishia kushangaa watu.

Nikamwuliza mzee mawe ya kusagia yako wapi. Akanyoosha kidole chini. Nilikuwa nimesimama katikati yake.

Mwamba bapa tuliokuwa juu yake ulikuwa na vibonde, kimoja, vitano, kumi na viwili, kila kimoja kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, kimekaa sawia na ubavu wa mwenzake. Nikainuka kutazama mwamba wa mbele, nao hivyohivyo. Na wa baada yake. Vingine vilikuwa na maji ya mvua ya jana na anga ndani yake. Vingine vimejaa nyasi. Nilipiga magoti kwenye kimoja, nikaweka viganja ndani, nikasukuma. Kilikuwa na kipimo cha mwili: magoti yalijua pa kukaa, na mbele, pale ambapo unga ulipaswa kumwagika, mwamba ulikuwa umeteremka kidogo ili upokelewe na ungo au ngozi.

Kibonde cha mlangoni kwa tata. Kilekile, kwa urefu, kwa ulaini. Tofauti ni kwamba cha tata kiko kwenye jiwe linalohamishika, na hivi viko kwenye kisiwa.

Wanaokuja huku huja kwa ajili ya michoro, maana michoro ipo pia: maumbo mekundu chini ya mawe yaliyoinama, ndugu wa yale ya Kakapel, ya Nyero kule Kumi, na ya Mfangano upande wa Kenya, ambako pango la Mawanga na jiwe la Kwitone yana miduara nyekundu na nyeupe na makumbusho ya jamii ya Abasuba yanayoyalinda. Mtaalamu wa Uganda, Catherine Namono, ameifanyia utafiti michoro hii miaka mingi. Yeye hatazami mwamba peke yake. Ameilinganisha michoro na ile ambayo watu wa misitu ya Kongo huichora kwenye nguo za magome ya miti na kwenye miili yao. Ni kazi nzuri na sijasoma nyingine inayonishawishi kuliko hiyo. Lakini nitasema ninaloliamini. Tumewapa wachoraji heshima yote. Mchoro ulichukua siku, labda siku chache. Kibonde kimoja kilichukua magoti ya bibi, ya mama na ya binti, kila jioni, na mtoto akilia pembeni. Kama tunatafuta maandishi marefu kuliko yote yaliyoachwa kwenye mwamba wa Afrika Mashariki, haya hapa, na mwandishi wake ni mwanamke mwenye njaa ya watu wengine.

Na tukumbuke zile chembe. Jiwe lililotoka kwenye vibonde vile halikuyeyuka. Lilikwenda na unga, unga ukaenda kwenye chungu, chungu kikaenda kinywani. Meno ya watu wa kale waliokula nafaka ya kusagwa kwa jiwe huwa yamelika kwa sababu hiyo. Watu wa Dolwe walikula kisiwa chao kidogokidogo, kwa mchuzi wa samaki.

Pamoja na vibonde wataalamu walikuta vigae vya vyungu vya Urewe, ule ufinyanzi wa nakshi na vitako vilivyobonyezwa kwa kidole, unaojulikana kwa jina la kijiji cha Siaya, na ambao huhesabiwa kuwa wa wakulima na wafua chuma wa mwanzo kuzunguka ziwa, tangu karne kadhaa kabla ya Kristo. Basi watu walikaa hapa muda mrefu, wakawa wengi. Ndiyo maana nyasi zile tupu zilianza kunitia mashaka. Kisiwa chenye vibonde vingi namna hii hakiwezi kuwa kilikuwa kitupu. Nani alikifanya kitupu?

Jibu ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo ulipita ufukweni mwa ziwa kama moto wa kiangazi. Waganda waliuita mongota, kwa jinsi mgonjwa anavyosinzia hadi anazima. Katika Busoga na Buganda walikufa watu zaidi ya 200,000. Entebbe, daktari Mwitaliano Aldo Castellani aliona vijidudu kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba wanaoeneza ni mbung'o, wale wanaokaa kwenye vichaka vya kivuli kando ya maji. Dawa ya maana haikuwepo. Gavana Hesketh Bell akachagua njia ya kuwatenga watu na mbung'o: wakazi wa ufukweni wakaamriwa kuhama maili mbili ndani, kisha ikaja zamu ya visiwa. Dolwe ilihamishwa mwaka 1908.

Siwezi kusema amri ile ilikuwa ya kikatili tu. Ilipunguza vifo, na waliobaki hai wana wajukuu. Lakini nilipokaa pale juu nilijaribu kuona mwanamke anaambiwa achukue anachoweza kubeba. Anachukua chungu. Anachukua mtoto, mbegu, jembe. Jiwe la juu, lile la mikononi, labda analichukua. La chini halichukuliki. Linabaki na kibonde chake, mvua ya kwanza inakijaza, na kwa miaka mingi wanaokunywa humo ni ndege na tumbili. Wavuvi walirudi baadaye, kwanza wachache, halafu wengi, lakini walirudi kuvua. Wimbi halikurudi nao kwa namna ile. Unga wao huja kwa mashua, kwenye magunia. Nilikuwa nimeyakalia njiani.

Jina la kisiwa linalojulikana na kila mtu kwenye ziwa hili ni Migingo, kijiwe kidogo kuliko nusu ya uwanja wa mpira, kilichoezekwa mabati mpaka majini, ambacho Kenya na Uganda zilikigombania mwaka 2009 hadi wabunge wakakaribia kurushiana viatu. Nikitaja Migingo sokoni Busia, watu kumi wana maoni. Nikitaja Dolwe wananiuliza bei ya samaki huko. Kugombaniwa ni njia mojawapo ya kujulikana, na siitamani kwa Dolwe.

Lakini nilikiona kitu kilichonisumbua. Nyuma ya mji kulikuwa na rundo la kokoto, na kando yake vijana watatu wakivunja matale kwa nyundo na moto. Wanajenga, kwa sababu mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda kuliko kawaida yakameza vibanda vya ufukweni, na sasa kila mwenye uwezo anataka msingi wa zege. Jabali letu la Tororo nalo lina ndugu zake wanaochimbwa chokaa ya saruji miaka mingi. Sikuwa na la kuwaambia wale vijana. Niliinama nikaokota kipande cha mwamba kutoka kwenye rundo. Upande mmoja ulikuwa umekwaruzika upya. Upande wa pili ulikuwa laini kama shavu la mtoto.

Jioni hiyo mama mmoja alikuwa akianua mukene juu ya mwamba wa karibu na tulikolala. Anawaanika hapo kwa sababu jiwe hukaa na joto na halina mchanga. Samaki wadogo walikuwa wameingia kwenye vibonde, naye akiwatoa kwa fagio fupi, akipinda mkono kufuata umbo la kila kibonde bila kutazama. Nilimsalimu, nikamwuliza kama anajua vilikuwa vya nini.

"Vya kusagia, baba. Nani asiyejua?"

"Nani aliwaambia?"

Akasimama, akashika kiuno. "Nikipiga magoti hapa kuokota samaki, magoti yanaingia. Nani wa kuniambia?"

Usiku radi zilipiga ziwani. Mchana joto la nchi kavu huvuta mvua kwetu, usiku maji yanabaki na joto na dhoruba inahamia huko. Ndiyo maana mvuvi wa mukene, anayefanya kazi gizani kwa taa, huwa anavua chini ya umeme. Sisi tuliolala mwambani tuliona kila pigo. Tororo iliwahi kuwekwa kwenye vitabu vya rekodi za dunia kwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, kati ya 1967 na 1976, kwa hiyo radi si mgeni kwangu. Ila kwetu huipokea bati. Pale iliyaingia mawe, na nilipoweka kiganja kwenye jiwe nililoliegemea niliihisi kabla sijaisikia.

Nilirudi Buteba siku ya tatu. Tata alikuwa ameketi kibarazani akipepeta. Nikamsalimu, "Yoga, tata," akaitika, akauliza kama huko kisiwani nilipewa samaki au maneno. Nilimpa mukene kilo mbili. Kisha nikamwomba ruhusa, nikamwita mpwa wangu, tukashika jiwe la mlangoni, mimi huku na yeye kule, tukaligeuza.

Upande wa chini, uliolala kwenye udongo miaka yote niliyoishi, kulikuwa na kibonde kingine. Kilikuwa kirefu na cha ndani kuliko kile cha juu, cha ndani sana, mpaka pale katikati jiwe lilikuwa limebaki unene wa vidole viwili. Mchwa walikuwa wamejenga humo.

Tata aliweka ungo chini. Akalitazama kitambo.

"Hilo ni la mama mkwe wangu," akasema. "Lilikuwa limekwisha. Nilipoolewa nililigeuza."